Kichwa cha Masanja kwenye mapaja ya mama

Jumapili jioni, mwezi wa saba. Mpanda.

Baridi ya leo imeamka na hasira. Tangu asubuhi upepo unatoka upande wa reli na kuleta vumbi na harufu ya majani yaliyochomwa, watu wamejikunyata ndani ya makoti ya mitumba utadhani tumehamia Makete. Mimi nina masweta mawili mwilini na bado natetemeka. Ila tusidanganyane. Hii ya kwangu siyo baridi, ni woga.

Naogopa tangu jana jioni. Naogopa nikikaa, naogopa nikisimama, na simu ikiita naifunika kwa mto. Asubuhi nimetia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na nimeinywa yote.

Mnaonisoma humu mnanijua. Ni Yusta, nafuma masweta ya shule kwa mashine pale karibu na soko, na ni mwoga wa kuzaliwa. Naogopa radi, naogopa ng'ombe, naogopa hata kupigwa picha ya kitambulisho. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko. Waliosema hivyo hawajafika kwetu.

Ndiyo maana kila mtu alicheka niliposema nimekuwa golikipa wa mpira wa magongo.

Kwa mgeni wa humu, mpira wa magongo hauchezwi kwa mguu, unachapwa kwa fimbo iliyopinda mwishoni. Mpira wenyewe ni mdogo kama chungwa na mgumu kama jiwe. Aliyetuletea mchezo huu ni Mwalimu Masanja, anafundisha sekondari hapa mjini, yeye aliujulia chuoni. Fimbo nyingine tumechongewa na fundi seremala, na wavulana wa bodaboda wakipita uwanjani wanatuuliza kama tunaenda kupiga nyoka.

Masanja alikuja dukani kwangu kipupwe cha mwaka jana kuagiza soksi ndefu za timu. Nikafuma. Akarudi kusema zinabana, nikazipanua. Akarudi kusema zinapwaya, nikazipunguza. Aliporudi tena nikamwuliza, mwalimu, ugonjwa ni soksi au kuna jingine? Akacheka mpaka akashika meza. Akasema kuna jingine.

Nampenda. Basi, nimeliandika.

Ugolikipa ulikuja hivihivi. Nilishona vya kukinga miguu kwa godoro bovu, wakaniambia nivivae waone vinakaaje, na mpaka leo sijavivua. Masanja anasema mtu mwoga ndiye anafaa golini kwa sababu haondoi macho kwenye mpira. Nilimwamini kwa sababu ya namna alivyokuwa ananiangalia wakati anasema.

Sasa kuhusu mama. Mama anauza uji wa ulezi na chai ya tangawizi pembeni ya uwanja wa shule tunapochezea, na msimu huu wa baridi biashara inakwenda. Masanja alikuwa mteja wake namba moja. Anakaa kwenye benchi lake, anataniana naye, anaomba sukari ya nyongeza, mama anamwambia mwalimu wewe utang'oka meno. Mama alikuwa hajui huyo ndiye anayeninyima usingizi. Mwezi uliopita Masanja akatuma mshenga. Mama na baba mdogo wakampokea vizuri, wakakubaliana Jumamosi inayokuja wazee wake waje rasmi.

Siku mshenga alipotoka nyumbani kwetu, Masanja akaacha uji.

Masanja ni Msukuma. Kwao mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Huli mbele yake, humpi mkono, humtazami usoni, mkikutana njiani unampisha unaingia hata vichakani. Basi mwanaume mzima, mwalimu wa watu, akawa anazunguka uwanja mzima upande wa magoli ili asipite karibu na masufuria ya mama. Siku moja mama alitokea ghafla kwenye kona ya darasa, Masanja akajibanza nyuma ya tangi la maji mpaka alipoondoka. Timu nzima ilikuwa inalia kwa kicheko.

Mama hakucheka. Sisi asili yetu ni Burundi. Babu na bibi waliishia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mama kazaliwa hukuhuku, lakini nyumbani tunaongea Kirundi na mambo yetu ni ya kwetu. Kwetu mkwe anakaribishwa ndani, anakaa na mama, wanakula na kuongea. Mama akaniuliza, huyu mtoto nimemfanya nini, kwani nina upele? Nikamweleza. Akasema haya, kila watu na mambo yao. Lakini niliona imemwuma. Kila jioni alikuwa anamwaga kile kikombe alichozoea kumwekea.

Tunafika jana.

Jana tulikuwa tunacheza wenyewe kwa wenyewe, Masanja akiwa refa. Mpira ukaja kwangu unarukaruka juu ya majani makavu. Golikipa aliyefundishwa anauzuia kwa mguu na kuusogeza pembeni taratibu, na nimefundishwa hivyo mara zisizo na idadi. Lakini woga ulinishika, nikataka uondoke tu, uende huko mbali na mimi. Nikauchapa kwa nguvu zote nilizopewa na Mungu.

Ukanyanyuka. Ukampata juu ya sikio.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwanza, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, halafu akalala. Damu ikaanza kutoka. Watu wazima, wachezaji, walimu, wote tukasimama. Mimi nilikuwa bado nimeshika fimbo.

Aliyekimbia ni mama. Sijawahi kumwona mama anakimbia. Alitupa upawa, akavuka uwanja na malapa yake, akakaa chini kwenye vumbi na kukiweka kichwa cha Masanja kwenye mapaja. Akavua kitenge cha kiunoni akakikandamiza pale panapotoka damu, na ule mkono mwingine akauweka kwenye paji la uso wake. Alikuwa anamwambia kwa Kirundi, mwana wanje, mwana wanje. Mwanangu, mwanangu.

Kulwa, mchezaji wetu ambaye naye ni Msukuma, aliinama akamwambia taratibu, “Mama, huyu ni mkwe wako.”

Mama hata hakumtazama. “Kulwa, tafuta bajaji.”

Tukaenda hospitali hivyohivyo. Mama kakaa nyuma na kichwa cha watu kwenye mapaja, mimi nimebanwa pembeni nimekumbatia viatu vya Masanja. Nilikuwa nasali sala ambazo hazina mwanzo wala mwisho. Mungu, nimemwua. Mungu, nimeua mtu niliyempenda kwa mpira wa kuchezea. Dereva alikuwa anaendesha taratibu kwa kumhurumia mgonjwa, nami nilitamani nimkabe akimbie.

Walimshusha pale mlangoni, na akafumbua macho. Akaona uso wa mama. Mama naye akaona kwamba ameonwa. Nadhani ndiyo kwanza yale maneno ya Kulwa yalimwingia, kwa sababu alirudisha mkono haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akageuka, akatoka nje. Hakuingia tena. Leo kutwa amekaa kwenye benchi la nje ya wodi ameupa mlango mgongo. Uji anaupika nyumbani alfajiri, anakuja nao, ananipa mimi nipeleke.

Masanja wameshamshona. Wakampiga picha, wakasema fuvu halikupasuka, ila abaki kidogo wamwangalie. Nilipoambiwa hivyo nikakaa sakafuni katikati ya watu.

Nilidhani woga umeisha. Kumbe ule ulikuwa wa kuanzia tu.

Mchana wa leo nimemkuta amekaa kitandani, bandeji kichwani, sura ya mtu anayesubiri hukumu. Akaniambia baba yake yuko kwenye basi, anatoka kijijini kwao Mamba, na ameshasikia kila kitu. Mji huu hauna siri. Akasema mzee akifika atauliza swali moja: ulikuwa umezimia au ulikuwa unajijua? Aliyezimia hana kosa, ni kama mzigo, anabebwa na yeyote. Lakini mtu anayejijua akaacha kichwa chake kwenye mapaja ya mama mkwe, huyo kavunja heshima kubwa. Kwa mzee kama wake, mwenye msimamo, posa inaweza kuishia hapohapo.

Nikapumua. Nikamwambia basi mbona jambo jepesi, si ulikuwa umezimia?

Akawa anavuta uzi wa shuka.

“Yusta, niliamka tulipokuwa tunavuka reli.”

Nikamwuliza kwa nini sasa hakusema, kwa nini hakujivuta hata kidogo. Akaanzia mbali. Mama yake alifariki yeye akiwa hajajua kukaa. Nilijua hilo, na nilijua kalelewa kwa mashangazi, leo huyu kesho yule. Lakini hili alikuwa hajawahi kuniambia.

“Sijawahi kushikwa kichwa vile,” akasema. “Niliona nikifumbua macho atautoa mkono.”

Nililia. Halafu, kwa sababu ni mimi, nikafuta machozi na kuanza kumsihi adanganye. Nani anajua? Mama hajui, dereva hajui, mimi nitakufa nalo. Sema ulizimia, Masanja, neno moja tu, na Jumamosi mnakuja. Alikuwa ameangalia ukutani. Akanisihi na yeye, hilo la mkono nisimwambie mtu.

Mzee Luhende, baba yake, aliingia na koti refu na fimbo ya kuchungia, vumbi la safari bado kwenye nyusi. Nikapiga goti, nikamwamkia. Akaitikia. Akauliza aliyempiga mwanawe ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza, wewe ndiye huyo Yusta? Nikasema ndiyo, baba. Akaangalia mikono yangu muda mrefu.

“Una nguvu,” akasema. Hakuna aliyecheka.

Kisha akamgeukia Masanja na kuuliza lile swali, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za mvua. Mimi nilikuwa nimejishika kwenye chuma cha kitanda. Nilimwombea adanganye, Mungu anisamehe, nilimwomba Mungu amsaidie mtu kudanganya.

“Nilikuwa najijua, baba.”

Mzee alivua kofia akaivaa tena. Nilikuwa nasikia wagonjwa wa vitanda vingine wanavyokohoa.

“Basi kuna mbuzi,” akasema, akatoka nje.

Nikamfuata. Mbuzi wa nini, sikuelewa. Akasimama mbali kidogo na benchi, akakohoa, mama akageuka akainuka. Wakasalimiana kwa heshima zote. Mzee akasema kijana wake amemkosea mama wa watu, na yeye kama baba ataleta mbuzi wa kuondoa aibu hiyo.

Mama akatabasamu. Jamani, tabasamu lile, la upendo mtupu! Akasema hapana, baba, mbuzi wa nini? Mtoto alikuwa anavuja damu. Kwani kumshika mtoto wa mwenzako ni kitu cha kulipwa? Hapana, sitaki mbuzi. Akafungua chupa ya chai amkaribishe.

Mzee akauliza tena, polepole. “Umekataa mbuzi?”

“Nimekataa, baba. Wewe mwuguze tu mwanao.”

Akasema sawa, amesikia. Chai hakupokea. Akashika fimbo yake akaelekea getini.

Na mimi mjinga nikafurahi! Nilirudi wodini mbiombio kumpa Masanja habari njema, kwamba yameisha, mama kasamehe, hata mbuzi kamkataa. Nikaona uso wake unabadilika.

Akaniambia mbuzi yule halipwi kwa mtu baki. Analipwa kwa mama mkwe. Mzee aliposema kuna mbuzi alikuwa ameshakubali, alikuwa anasema huyu mama ni mkwe wa mwanangu na heshima yake nairudisha. Anayemkataa mbuzi yule anasema mimi siyo mkwe wenu, sina binti wa kuwapa.

“Kimbia,” akaniambia.

Nilikimbia. Mimi, ambaye hata kuvuka barabara namsubiri mtu mwingine avuke kwanza. Nimepita wauguzi, nimepita mama aliyeniita Yusta kulikoni, nimemkuta mzee ana mguu mmoja ndani ya bajaji. Nikapiga goti palepale kwenye kokoto.

Nikamwambia, baba, mama amepokea mbuzi. Akasema amemsikia kwa masikio yake akikataa. Nikamwambia amekataa kwa kutojua. Kwetu ukimshika mtoto wa mtu hulipwi, ukilipwa ni kama umeuza, ndiyo maana kakataa. Mwanao hakumkataa. Leteni mbuzi Jumamosi, atapokelewa.

“Nani anasema?”

Sauti ilitoka ndogo.

“Mimi nasema.”

Alinitazama nikaona nimekwisha. Dereva alizima hata muziki. Mwishowe mzee akasema atakuja na mbuzi na watu wake, na akikataliwa mbele yao, asitafutwe tena. Akaingia, bajaji ikaondoka.

Yaani nimetoa ahadi ya mama yangu bila kumwuliza mama yangu. Hivi ndivyo waoga tunavyofanya tukijitia ushujaa.

Jioni hii nimemweleza mama hapa jikoni akisugua masufuria. Nimeeleza taratibu, mkwe ni nini kwao, mbuzi ni nini kwao. Alinisikiliza. Akasema amenielewa, lakini hapokei. Akasema ule mkono hakuutoa ili alipwe. Akimpokea mbuzi, kila atakapomwona yule mnyama ataona amemwuzia mtoto huruma. Kama wanataka heshima, atawaheshimu, atakaa hata mwaka bila kumtazama Masanja usoni. Mbuzi, hapana.

Mnajua mama yangu akisema hapana. Aliachwa mjane sisi tukiwa wadogo, hapana yake ndiyo imetukuza.

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu cha kusema, na hicho niliombwa nisikiseme. Niliogopa kumsaliti. Niliogopa zaidi kumkosa. Nikasema. Nikamwambia mama kwamba Masanja hakuwa amezimia njia nzima. Nikamwambia kuhusu mama yake, na kwa nini hakufumbua macho.

Mama aliacha kusugua.

“Tangu wapi?”

“Tangu kwenye reli.”

Najua alikuwa anaihesabu ile njia kichwani, kutoka kwenye reli mpaka hospitali, na bajaji ilivyokuwa inakwenda taratibu. Akajifuta uso kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na majivu. Nikasema mama, hatakaa akuombe umshike kichwa tena. Hawezi, kwao hairuhusiwi. Kitu pekee anachoweza kukuletea ni huyo mbuzi.

Alisuuza sufuria ya mwisho, akaifunika, akajitanda khanga, akatoka nje kwenye upepo. Nikajua nimeharibu. Nimemsaliti Masanja na mama nimemkosa vilevile. Nilikaa pale nasikiliza, nikasikia mbao zinaanguka upande wa kibanda cha kuni. Nikatoka.

Alikuwa anatoa kuni zote nje, anazipanga ukutani, anapima kibanda kwa hatua.

“Yusta, njoo ushike hapa,” akasema. “Huku nyuma pako wazi. Huyo mbuzi atalala wapi na baridi hii?”

Bado naogopa. Jumamosi iko mbali, na sijui nitamwambiaje Masanja kwamba nimesema. Kesho nikiamka naenda kutafuta mabanzi ya kuziba hapo nyuma.